WordPress kwa Habari za Amu: Inafaa, Ikiwekwa Nyepesi

Habari za Lamu, au Amu kwa wenyeji, sasa hukaa kwenye makundi ya WhatsApp. Tangazo la maziko, boti ya Faza iliyoahirishwa, bei ya kaa na kamba, ratiba ya Maulidi, mwito wa mkutano wa wavuvi: yote hupita kwenye simu asubuhi, na ikifika adhuhuri yamezikwa chini ya picha za maua na dua za kusambaza. Kwa tangazo la siku moja hilo si neno. Lakini Lamu ina mambo yanayokwenda miaka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likabatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Kijana aliyekuwa shule ya msingi wakati huo leo anaketi kwenye mikutano ya wavuvi, na akiulizwa ilisemwaje, hana pa kushika. Aliyebadilisha simu amepoteza ujumbe wake. Aliyeingia kundini baadaye hakuona kitu.

Kwa kikundi cha vijana, chama cha wavuvi, madrasa au gazeti dogo la mtaa linalotaka maneno yake yapatikane mwaka wa kumi kama yalivyopatikana siku ya kwanza, WordPress ndiyo programu ya kujenga tovuti ninayoipa alama ya juu. Alama hiyo ina sharti. Ikijengwa kwa mtindo unaouzwa na watengeneza tovuti wengi, wenye picha zinazotembea juu ya ukurasa na mapambo ya kila namna, msomaji wa Kizingitini mwenye bando dogo hataingia mara ya pili.

Ipi kati ya mbili

Jina ni moja, vitu ni viwili. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic: unafungua akaunti na kuanza kuandika, lakini mpango wa bure unakupa anwani inayoishia kwa jina lao, unaweka matangazo yasiyo yako, na hauruhusu plagini, yaani programu ndogo za kuongezea tovuti kazi. Ya pili ni programu yenyewe, inayopakuliwa bure wordpress.org, ambayo unaiweka kwenye seva uliyoikodi, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi tovuti, chini ya jina lako mwenyewe. Tathmini hii ni ya hiyo ya pili. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, waliochukua programu iliyoitwa b2 ambayo mtunzi wake alikuwa ameacha kuishughulikia. Leseni yake ni GPL, kwa hiyo unaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa bila kumlipa mtu. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia zinaendeshwa nayo, na wingi huo una faida ya moja kwa moja kwa mtu wa Amu: fundi wako akihamia Nairobi au Doha, utampata mwingine Malindi au Mombasa anayeijua kazi.

Kwa nini ujisumbue na seva wakati ukurasa wa Facebook ni bure? Jibu liko kwenye miaka hii kumi na kitu iliyopita. Google Reader, iliyokuwa njia kuu ya watu wengi kufuata blogu, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Facebook ilianzisha Instant Articles mwaka 2015, ikawashawishi wachapishaji wapeleke habari zao huko, kisha ikaizima Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo Meta ikaanza kuziondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada kwa sababu ya mvutano wake na sheria ya huko. Chaneli za WhatsApp zilipotangazwa mwaka 2023, kampuni yenyewe ilieleza kwamba historia ya chaneli huwekwa kwenye seva zake kwa muda usiozidi siku 30. Ni njia nzuri sana ya kupeleka habari. Si mahali pa kuziweka.

Saa ya kwanza baada ya kuisimika

Kusimika kwenyewe ni dakika chache. Kampuni nyingi za kukodisha seva zina kitufe cha kuweka WordPress ndani ya cPanel, ukurasa wa kusimamia seva. Chagua PHP, lugha inayoiendesha WordPress, ya toleo la 8 na kuendelea, hakikisha cheti cha HTTPS cha kulinda mawasiliano kimewashwa, na uulize kama kinajihuisha chenyewe. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90 tu; kisipohuishwa, kivinjari kinamwonya msomaji kwamba tovuti si salama, naye anarudi alikotoka.

Mambo yanayoharibu tovuti nyingi za pwani yako kwenye mipangilio ambayo hakuna aliyeifungua. La kwanza ni saa. WordPress mpya huanza na saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Nenda Settings, kisha General, uchague Nairobi. Usipofanya hivyo, tangazo ulilolipangia kutoka alfajiri litatoka jua limeshapanda. Tena mfumo haujui saa ya Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi uiandike 06:00, na saa kumi na mbili jioni 18:00. Kwenye ratiba ya futari kosa hili si dogo. Hapohapo badilisha muundo wa tarehe uwe wa tarakimu, d/m/Y, ili habari ya Kiswahili isibebe jina la mwezi la Kiingereza juu yake.

La pili ni anwani za habari. Kwenye Permalinks chagua Post name kabla ya kuchapisha habari ya kwanza, na usiguse tena. Ukibadilisha muundo baada ya miaka miwili, linki nyingi zilizokwisha kusambazwa WhatsApp zinaweza kuvunjika. Programu hutengeneza anwani kutokana na kichwa cha habari, na vichwa vyetu ni virefu. Vifupishe kwa mkono. "hukumu-fidia-wavuvi-2018" inatosha. Ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo huondolewa yenyewe, kwa hiyo hilo lisikutie wasiwasi.

La tatu liko kwenye Settings, Reading: kisanduku kinachowaambia Google na wenzake wasiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi na kukisahau. Tovuti inaweza kukaa miezi haionekani popote na kila mtu akidhani tatizo ni Kiswahili.

Picha ndizo zinazoua

Hapa ndipo tovuti ya Lamu inaponea au kufia. Picha ya simu ya kawaida yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Ukiipandisha ilivyo, WordPress haiweki faili moja. Inatengeneza nakala za upana wa 150, 300, 768, 1024, 1536 na 2048, pamoja na nakala ya 2560 inayotumiwa badala ya picha kubwa, halafu inaiweka na ile asili. Jumla faili 8 kwa picha moja, na themu nyingine, yaani mavazi ya sura ya tovuti, huongeza za kwao. Mipango nafuu ya seva ina kikomo cha idadi ya faili, si nafasi peke yake. Ndiyo sababu unaambiwa nafasi imekwisha na huku ukiona gigabaiti zimebaki.

Dawa ni kupunguza kabla ya kupandisha. Upana wa pikseli 1200 hadi 1600 unatosha hata kwa picha ya mashindano ya majahazi inayotaka kuonyesha tanga zote. Hifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80, na faili itashuka mpaka kilobaiti 150 hadi 250 bila jicho kugundua. Tovuti ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila kuipeleka picha popote. WordPress inapokea muundo wa WebP tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, na AVIF tangu 6.5 la mwaka 2024, nayo ni miepesi zaidi. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 picha zilizo chini ya ukurasa hazipakuliwi mpaka msomaji azikaribie. Hilo ni jambo jema lililofanywa bila mtu kuombwa awashe chochote.

Kuna hatari nyingine ndani ya picha, nayo naitilia mkazo. Simu huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili. Ile picha asili hubaki kwenye seva na mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kuipakua na kusoma. Picha ya mtoto mbele ya nyumba yao Langoni, au ya kasa anayetaga kwenye ufuo usiojulikana na wawindaji, isipande na alama hiyo. Zima mahali kwenye kamera, au pitisha picha kwenye programu inayoifuta.

Mtandao ukikatika katikati ya kupandisha, usiirudie haraka. Fungua Media kwanza uone kama picha imefika. Tangu toleo la 5.3 programu hujaribu kuendelea na nakala ilizobakiza, na ukibonyeza mara tatu unaishia na picha tatu, maana yake faili 24.

Uzito wa ukurasa

Hesabu ni rahisi. Ukurasa wa mbele wenye megabaiti 5 unafunguliwa mara 20 kwa bando la megabaiti 100. Wenye kilobaiti 500 unafunguliwa mara 200. Kwa hiyo chagua themu nyepesi: zile zinazokuja na WordPress yenyewe, au GeneratePress. Epuka vijenzi vya kurasa vya kuburuta na kuachia kama kazi yako ni habari. Vinabeba mzigo wa msimbo ambao habari ya maneno mia tatu haiuhitaji, na siku ukiviondoa vingine huacha mabaki ya alama ndani ya kila habari. Picha tano zinazojizungusha juu ya ukurasa nazo ziondoke. Msomaji anatazama ya kwanza na anazilipia zote.

Weka plagini moja ya kashe, yaani inayoandaa nakala ya ukurasa mapema ili seva isiupike upya kwa kila mgeni. WP Super Cache inatosha. Kama seva yako ni ya LiteSpeed, tumia plagini yake. Mbili kwa pamoja hugombana, na dalili yake ni kwamba unasahihisha kosa lakini wasomaji wanaendelea kuliona. Mbele ya seva unaweza kuweka Cloudflare, huduma inayohifadhi nakala za faili karibu na msomaji, ambayo mpango wake wa bure unatosha na ambayo ina vituo Mombasa na Nairobi. Picha zako zikishapita huko, msomaji wa Shela hazitafuti tena Ulaya. Ila elewa kwamba kwa mipangilio ya kawaida Cloudflare huhifadhi picha na faili za mapambo, si ukurasa wenyewe wa maneno. Hiyo bado ni kazi ya plagini yako.

Habari iliyopangwa na haikutoka

Malalamiko haya yanasikika kila mahali penye tovuti ndogo, na sababu yake haieleweki mpaka uielezwe. WordPress haina saa inayogonga yenyewe. Kazi zake za wakati maalumu huamshwa na mgeni anayefungua ukurasa. Tovuti kubwa ina wageni kila sekunde, kwa hiyo hakuna anayegundua. Ya mtaa, usiku wa manane haina mtu. Ukipanga tangazo la saa kumi alfajiri, litakaa likisubiri mgeni wa kwanza, na pengine mgeni huyo mwenyewe asilione.

Fungua wp-config.php uongeze mstari define('DISABLE_WP_CRON', true); kabla ya mstari unaosema uache kuhariri. Kisha ndani ya cPanel, sehemu ya Cron Jobs, weka amri ya kuita wp-cron.php ya tovuti yako kila dakika 15. Usifanye nusu ya kwanza ukaiacha ya pili, maana hapo hakuna kitakachoamka kabisa, hata masasisho ya usalama.

Kuipeleka WhatsApp

Wasomaji wataingia kupitia linki iliyotumwa kundini, kwa hiyo sura ya linki hiyo ni muhimu kama kichwa cha habari. WhatsApp husoma alama maalumu ndani ya ukurasa zinazotaja kichwa, maelezo na picha. WordPress yenyewe haiziandiki. Unahitaji plagini, kwa mfano Yoast SEO au The SEO Framework. Picha ya kushirikisha iwe 1200 kwa 630 na isizidi kilobaiti 300, kwa sababu nzito mara nyingi haitokei.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kile kisanduku chenye picha kinatengenezwa na simu ya mtumaji kabla ya kutuma. Ukibandika linki na kubonyeza tuma papo hapo mtandao ukiwa dhaifu, kila mtu atapata maandishi matupu ya buluu, hata mwenye mtandao mzuri. Subiri picha itokee, ndipo utume. Na ukishatuma, kusahihisha kichwa kwenye tovuti hakutabadilisha kile kilichokwisha kufika kwenye simu za watu. Kichwa kisomwe mara mbili kabla.

Usitegemee Google peke yake. Tangu 2024 imekuwa ikiweka majibu yaliyotungwa na akili bandia juu ya matokeo, na anayepata jibu hapo hana haja ya kufungua ukurasa wako. Kila tovuti ya WordPress ina mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari mpya inayosomwa na programu nyingine, bila kuongeza kitu: malizia anwani yako kwa /feed/ na utauona. Kila fungu la habari lina wake pia. Mtangazaji wa redio anayetaka habari za bandari tu apewe /category/bandari/feed/ na hatalazimika kukupigia simu.

Kutafuta kwa Kiswahili

Utafutaji wa WordPress ni wa kizamani: unatafuta mfululizo wa herufi popote ulipo ndani ya maandishi. Wenye tovuti za Kiingereza huulalamikia. Kwetu una faida, kwa sababu neno la Kiswahili hubadilika mbele. Anayeandika "tumbwi" atapata mtumbwi na mitumbwi. "Vuvi" italeta mvuvi, wavuvi na uvuvi. Waelekeze wasomaji hivyo kwenye maandishi mafupi ya kisanduku cha kutafutia. Upungufu ni kwamba haujui makosa ya herufi, wala haujui kwamba anayetafuta "nti" kwa Kiamu anataka habari za nchi. Hilo litatuliwe na mwandishi: neno la mtaani na la kitabuni yote yawemo ndani ya habari.

Kihariri

Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 habari huandikwa kwa vipande: aya ni kipande, picha ni kipande. Kwenye kompyuta mpya ni raha. Kwenye laptopu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo huganda, na hapo plagini ya Classic Editor ni bora kuliko kununua mashine. Ujumbe unaotisha watu zaidi ni ule wa "not a valid JSON response" wakati wa kuhifadhi. Kwa kawaida habari yako haijapotea. Kihariri kimeshindwa kuzungumza na seva. Nakili maandishi yako pembeni kwanza, kisha fungua Permalinks na ubonyeze kuhifadhi bila kubadilisha kitu. Ikishindikana, angalia kama anwani ya tovuti kwenye General imeandikwa http badala ya https. Ikiendelea, huenda ukuta wa ulinzi wa seva umezuia neno fulani, na hapo ni kazi ya wenye seva.

Usalama, na usalama wa watu

Programu yenyewe ni imara na hujisasisha kwa mambo madogo ya usalama tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Milango huvunjwa kwenye plagini zilizoachwa na themu za kulipia zilizogawiwa bure na watu wasiojulikana. Hizo za bure mara nyingi zina mlango wa nyuma ndani yake. Plagini usiyoitumia ifute, usiizime tu. Jina la kuingilia lisiwe admin, na uongeze uthibitisho wa hatua mbili.

Lakini kwa mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake, swali zito ni la mwandishi asiyetaka kujulikana. Ukimfungulia akaunti yenye jina lake na kumwambia atumie jina la kalamu, umemweka hatarini: ukurasa wa /wp-json/wp/v2/users huonyesha majina ya waandishi waliochapisha, na anwani ya ukurasa wa mwandishi mara nyingi hutokana na jina lake la kuingilia. Mfungulie akaunti ambayo tangu mwanzo haina jina lake popote, au habari yake ichapishwe kwa akaunti ya chumba cha habari.

Maoni ya wasomaji huwekwa pamoja na barua pepe na anwani ya IP ya mwandikaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inagusa taarifa kama hizo. Tangu toleo la 4.9.6 la mwaka 2018 kuna zana, ndani ya Tools, za kumpa mtu nakala ya taarifa zake au kuzifuta. Washa idhini ya maoni kabla hayajaonekana, na yafungwe yenyewe baada ya siku 14; kisanduku kipo kwenye Discussion. Kama huna mtu wa kuyapitia kila siku, yafunge yote na uwaachie wasomaji nambari ya kupokea barua za mhariri.

Bakapu

Ile faili ya XML inayotoka kwenye Tools, Export haina picha. Ina maneno na anwani za picha tu. Seva ikifa, utabaki na habari zenye matundu. Bakapu kamili ni vitu viwili pamoja: hifadhidata na folda ya wp-content. UpdraftPlus ya bure huvipeleka vyote Google Drive kwa ratiba. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje, iliyowekwa pakavu, kwa sababu chumvi ya Lamu haina huruma na vyuma. Na ijaribiwe kurudishwa kwenye tovuti ya majaribio. Bakapu isiyowahi kurudishwa haijulikani kama ni bakapu. Habari nzito, kama za kesi na fidia, zipeleke pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive kupitia huduma yake ya kuhifadhi ukurasa.

Doa moja kubwa

Siwezi kuisifu WordPress nikaacha yaliyotokea 2024. Septemba mwaka huo Mullenweg aligombana hadharani na kampuni ya WP Engine, na wateja wa kampuni hiyo wakazuiwa kupata masasisho kutoka wordpress.org. Oktoba plagini maarufu ya Advanced Custom Fields, iliyokuwa ya WP Engine, ikachukuliwa ndani ya ghala la wordpress.org na kupewa jina jingine. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru ufikiaji urudishwe. Programu ni ya wote kwa leseni, lakini ghala la plagini na masasisho liko mkononi mwa mtu mmoja, na hilo linapunguza alama yangu. Kwa tovuti ndogo kinga ni kutumia plagini chache. Kashe, alama za WhatsApp, bakapu na uthibitisho wa hatua mbili: nne zinatosha.

Pesa

Programu ni bure. Seva ya pamoja ni shilingi elfu chache kwa mwaka, na jina la .co.ke au .or.ke hulipiwa kila mwaka kwa wakala aliyesajiliwa na KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke. Soma bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza, kwani punguzo hukomea hapo. Ukitaka kupokea michango kwa M-Pesa ndani ya tovuti, utahitaji Till au Paybill na API ya Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha tovuti na M-Pesa. Anwani ya kupokelea majibu lazima iwe ya HTTPS, na kwenye usajili wa C2B (malipo ya mteja kwa biashara) isiwe na maneno kama mpesa au safaricom ndani yake, maana hukataliwa. Kwa michango michache, andika nambari ya Till chini ya kila habari na uiache hivyo.

Kama ni mtu mmoja anayeandika mashairi au mapishi, asiye na mpango wa plagini wala fundi, Blogger ya Google inamtosha: haina gharama ya seva, inakubali jina lako la kikoa, na inakuruhusu kupakua habari zako. Haina unyumbufu na haijabadilika sana, lakini haivunjiki.

Kwa kikundi, jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi, si ya kijana aliyeijenga tovuti. Paswadi za wakala wa jina, za seva na za WordPress ziwe na watu wawili, mwenyekiti na katibu kwa mfano, na zibadilishwe uchaguzi ukifanyika. Jina likiisha muda na barua za ukumbusho zikaenda kwa mtu aliyekwisha kuhamia Mombasa, linaweza kuchukuliwa na mwingine, na kila linki iliyowahi kutumwa kwenye makundi ya Amu itamfungulia msomaji kitu kisicho chenu.